Tupeane uzoefu: ulichaguaje prosesa na madabodi ulipoboresha kompyuta yako ya gemu?

Ndugu wadau, naomba mada hii iwe ya watu waliokwisha kutoa fedha zao mfukoni. Kila mmoja aeleze alikuwa na nini, alinunua nini, na kimemfikisha wapi. Nianze mwenyewe.

Kompyuta yangu niliiunga hapa Dar es Salaam mwaka 2019, nikiwa na prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Ryzen 5 2600 juu ya madabodi (ubao mkuu unaounganisha vipuri vyote) ya B450, yenye soketi, yaani tundu la prosesa, ya AM4. Baadaye nilipata kadi ya michoro yenye nguvu zaidi, nikatarajia Counter-Strike 2 iteleze, lakini picha ziliendelea kukwama kila moshi ulipotanda na wachezaji wakakutana. Kabla ya kununua kitu kingine, nilishusha ukubwa wa picha kutoka 1080p hadi 720p. Fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, hazikuongezeka hata kidogo, na kadi ilikuwa ikitumia takriban nusu tu ya uwezo wake. Kama kadi imepunguziwa mzigo na mwendo umebaki uleule, basi anayechelewesha ni prosesa.

Dukani Kariakoo nilishauriwa nihamie soketi mpya zaidi ya AM5. Ushauri huo una mantiki kwa anayeanza upya, lakini AM5 haipokei RAM ya DDR4, kizazi ninachotumia, bali DDR5 tu, hivyo mwenye mashine kama yangu hulazimika kununua prosesa, madabodi na RAM kwa mkupuo mmoja. Nilirudi nyumbani, nikafungua ukurasa wa mtengenezaji wa madabodi yangu na kusoma orodha ya prosesa zinazokubalika, nikakuta Ryzen 7 5700X3D imo, ilimradi BIOS (programu ya ndani ya madabodi inayoiwasha kompyuta) isasishwe kwanza. Prosesa hiyo ilitoka Januari 2024, na kashe yake ya L3 (kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa) ni megabaiti 96, ilhali ya 2600 ni megabaiti 16. Gemu nyingi hufaidika hapo, kwa kuwa data inayohitajika mara kwa mara hukaa jirani na prosesa badala ya kufuatwa kwenye RAM.

BIOS niliisasisha prosesa ya zamani ikiwa bado mahali pake, kwani mpya isingewaka bila toleo hilo. Niliweka faili kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, nikaazima UPS (betri ya kushikilia umeme) ya jirani, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo madabodi inaweza isiwake tena.

Kosa langu lilikuja wakati wa kutoa kipoozeo. Nilikivuta juu kompyuta ikiwa baridi. Pesti inayopakwa kati ya prosesa na kipoozeo ili kupitisha joto ilikuwa imekauka kama gundi, na prosesa ikang'oka pamoja nacho ilhali wenzo wa soketi umefungwa. Pini za AM4 ziko kwenye prosesa yenyewe, nazo ni 1,331. Tatu za pembeni zililala. Nilizinyanyua kwa ncha ya wembe, moja baada ya nyingine, nikiulaza wembe kwenye safu nzima ili nione ipi bado imepinda, kwa sababu prosesa ile nilikuwa nimemwahidi mdogo wangu. Inafanya kazi hadi leo. Wewe cheza gemu kwa dakika kumi kwanza ili pesti ilainike, zima, chomoa waya, kisha kizungushe kipoozeo kushoto na kulia kabla ya kukiinua.

Mchangiaji kutoka Mombasa:
Ahsante, mtoa mada. Mimi nilinunua kompyuta ya ofisi iliyotumika, nikidhani nitabadilisha madabodi peke yake na kuacha vingine vyote. Nilipofungua kasha nikakuta pawasaplai inatoa plagi kuu ya pini 8, ilhali madabodi za kawaida hutaka plagi ya pini 24. Hata matundu ya skrubu hayakulingana. Nilichoweza kuokoa ni diski na RAM tu. Anayetaka kuanzia na kompyuta ya ofisi anunue prosesa ya juu kabisa inayokubaliwa na madabodi iliyomo, na asipange kuibadilisha madabodi yenyewe.

Mchangiaji kutoka Muscat:
Kwangu ilikuwa Core i5-12400F. Madabodi zenye soketi yake, LGA1700, ziko za DDR4 na ziko za DDR5, na mimi sikusoma boksi vizuri, nikanunua RAM ya DDR5 kwa madabodi ya DDR4. Mwanya ulio kwenye ukingo wa RAM hauko mahali pamoja kwa aina hizo mbili, hivyo haikuingia kabisa. Jambo jingine ni kwamba herufi F humaanisha prosesa haina michoro ya ndani. Nilipoiwasha bila kadi ya michoro, kioo kilibaki cheusi nami nikaanza kumlaumu muuzaji bila haki.

Mchangiaji kutoka Dodoma:
Mkuu, mimi nina madabodi ya A320 na Ryzen 3 1200. Nayo inaweza kupokea prosesa za Ryzen za mfululizo wa 5000, kama hiyo 5700X3D yako?

Mtoa mada:
Ndugu yangu, zipo A320 zilizopewa BIOS ya kuzipokea, ila si zote, kwa hiyo usilipe bado. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha utuwekee hapa jina kamili la madabodi na toleo la BIOS kama vilivyoandikwa. Tutaitazama orodha ya mtengenezaji pamoja.