Nimeitwa Kunguru Mbele ya Kamati Nzima ya Harusi

Wakuu, ninaandika nikiwa bado nimevaa suti, maana kwa hasira nilizo nazo hata tai imenishinda kufungua. Mhusika mnamjua nyote, kwani hakuna kikao cha harusi katika jiji hili ambacho hajaingia kula sambusa, kwa hiyo sina haja ya kumtaja.

Niliposimama kutoa ahadi yangu ya shilingi 300,000, nilitanguliza kusema, kwa unyenyekevu kabisa, kwamba sisi watu wa matawi ya juu tunapenda mambo yaende kwa wakati. Yeye akameza sambusa, akafuta mafuta kwa karatasi ya ajenda, akasema taratibu: "Hata kunguru anakaa matawi ya juu."

Angeniita kibopa, ningetabasamu. Angeniita mshua, ningemwagizia soda. Hata pedeshee ningevumilia, ingawa pedeshee ni yule anayemwaga noti ukumbini ili mwanamuziki alitaje jina lake, nami sijawahi kutajwa hata kwenye tangazo la msiba. Lakini kunguru! Ndege ambaye Dar es Salaam imemtegea sumu na mitego miaka nenda rudi! Mweka hazina alicheka mpaka daftari la michango likamponyoka, na nilipofika mlangoni mtu akalia "kwaa" nyuma yangu. Kunguru, wakuu. Nikiwa na suti.

Mlalahoi Mwandamizi: Pole sana, mkuu. Hiyo ahadi umeshailipa, au nayo bado iko matawini?

Mama Chapati: Mtu wa matawi ya juu hajitangazi, mkuu. Watoto wa geti kali niliosoma nao hawakuwahi kulitamka neno hilo. Sisi tuliokuwa nje ya geti ndio tuliowaita hivyo.

Mtoto wa Eastlands: Huku Nairobi nimeitwa mbabi, yaani mtoto wa kitajiri, tangu utotoni kwa sababu tu mama alinikataza kucheza mtaroni, ilhali kila mwisho wa mwezi tulikuwa tukizima taa ili mwenye nyumba adhani hatupo. Afadhali kunguru.

Mzee wa Azimio: Mnanikera, vijana. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, bwanyenye, kabaila na bepari yalikuwa maneno ya kumkosesha mtu usingizi, na kiongozi hakuruhusiwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Leo mjukuu wangu amejiandika "bwanyenye" chini ya picha yake, tena amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

Bin Mvita: Shikamoo, mzee. Nasi pwani tumeharibiwa neno letu. Muungwana alikuwa mtu wa nasaba na adabu hata kama chunguni hamna kitu, ijapokuwa neno lenyewe lilimtenga pia na mtumwa, jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulikumbuka. Siku hizi dalali ananiita muungwana ili aniuzie simu mbovu.

Binti wa Bondeni: Mimi linaniuma jingine. Kwa nini mtaa wa matajiri uitwe ushuani, nao wetu wenye vumbi uitwe uswahilini, hali sote tunazungumza Kiswahili?

Mwenye uzi: Naomba turudi kwenye suala la kunguru.

Mama Chapati: Binti, umegusa penyewe.

Mzee wa Azimio: Marahaba, Bin Mvita. Wewe binti, sisi tulipaita uzunguni. Wazungu walipoondoka, wabenzi, wakubwa wetu wa magari ya Benzi, walihamia na magodoro yao, na jina wakalikuta mlangoni.