Wikiendi moja kaskazini mwa Italia: San Siro, Bergamo au Marassi?

MwananchiWaMbagala
Wakuu, kazi inanipeleka Milan mwezi wa tatu na wikiendi ni yangu. Sijawahi kuingia uwanja wowote wa Ulaya. Kwa ratiba ilivyo naweza kuona Inter San Siro Jumamosi usiku, au Jumapili nipande treni niende kwa Atalanta kule Bergamo, au kwa Genoa pale uwanja wa Marassi. Bajeti inaruhusu mechi moja tu. Timu Italia sina, naangalia Serie A ili wikiendi ipite. Shida yangu si selfie, nataka kelele na kuwafahamu wenyeji. Na tikiti kwa mgeni zikoje?

Mtoto_wa_Likoni
San Siro, hapo hata hakuna mjadala. Uwanja ulifunguliwa 1926, una minara 11, na jukwaa la tatu la juu liliongezwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 1990. Septemba 2025 madiwani wa Milan walipitisha uuzwe kwa Inter na AC Milan, na vilabu vinataka kujenga mpya palepale jirani kisha sehemu kubwa ya huu ibomolewe. Usipouona sasa utauona kwenye picha.

Halafu sisi Wakenya Inter ni ya nyumbani. McDonald Mariga alitoka Parma akaingia Inter Januari 2010, na msimu ule ule timu ya Mourinho ikachukua ligi, Coppa Italia na Ligi ya Mabingwa. Metro ya M5 inakushusha mlangoni. Unataka nini tena?

DadaWaBrescia
Kabla hamjampeleka kokote, tikiti kwanza. Italia tikiti inatoka na jina lako, na mlangoni wanalinganisha na kitambulisho. Mdogo wangu, kata kwa jina lililo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na pasipoti yenyewe uende nayo. Nunua kwenye tovuti ya klabu. Mtu akikuuzia mtaani tikiti yenye jina la mwingine, amekuuzia karatasi.

Inter ikicheza mechi kubwa, wenye kadi za klabu wanafunguliwa dirisha mapema na wewe unaachiwa mabaki, mara nyingi kule juu kabisa ambako wachezaji unawaona kama siafu. Bergamo ni kinyume: uwanja ni mdogo, watu wa tikiti za msimu wameujaza. Genoa ndiko mgeni anapata kiti kizuri bila kuhangaika, labda wawe wanacheza na Juventus au mojawapo ya hizo za Milan.

Jingine, usinunue "settore ospiti" kwa kudhani ni ya wageni kama wewe. Ile ni ya mashabiki wa timu pinzani, ina uzio na askari wake.

BahariaMstaafu
Nimesoma nikaona Genoa mnaitaja kwa bei ya tikiti tu. Meli zetu zilikuwa zikitia nanga pale, kwa hiyo niruhusuni niseme kidogo.

Ile ni klabu ya bandari. Waingereza wa biashara na meli waliianzisha 1893 kama klabu ya kriketi na riadha. Mpira ulishika kasi alipofika daktari mmoja, James Spensley, ambaye alikuwa anadaka yeye mwenyewe, na ndiye aliyesukuma Waitaliano nao waruhusiwe kuingia. Mwaka 1898 yakafanyika mashindano ya kwanza ya ubingwa wa Italia: timu nne, siku moja, pale Torino. Genoa wakabeba. Wana mataji tisa ya ligi, la mwisho la 1924.

Mtoto_wa_Likoni
1924!! Mzee wangu, unampeleka kijana kwa timu iliyobeba ligi babu yake hajazaliwa?

BahariaMstaafu
Ndiyo maana nampeleka. Pale Marassi hutakuta mtu aliyeifuata timu kwa sababu ya kombe, maana kombe lenyewe hakuna aliyeliona. Wameshuka daraja, wamepanda, 2005 wakatupwa mpaka Serie C, daraja la tatu, na bado Gradinata Nord, jukwaa la mashabiki wao sugu, inajaa na kuimba. Hadithi wanayokusimulia ni ya Machi 1992, walipoifunga Liverpool 2-1 Anfield, timu ya kwanza ya Italia kushinda pale, Aguilera akafunga yote mawili. Na huyo Diego Milito aliyewafungia Inter mabao mawili ya fainali ya Ligi ya Mabingwa, Madrid 2010, walimchukua wapi? Genoa, mwaka mmoja kabla.

Uwanja wenyewe wa Marassi, jina rasmi Luigi Ferraris, ni wa 1911, ukajengwa upya kwa ajili ya Kombe la Dunia la 1990. Hauna njia ya kukimbilia, majukwaa yako karibu na mstari kiasi kwamba unasikia kipa akigombeza mabeki. Umebanwa katikati ya maghorofa ya watu, na upande mmoja kuna gereza. Wanauchangia na Sampdoria, mahasimu wao wa mji huohuo, kila mmoja ana upande wake: Nord ni Genoa, Sud ni Samp. Shuka stesheni ya Brignole, fuata umati kandokando ya mto Bisagno, njiani kula farinata ya dengu ikiwa moto.

FundiBergamo
Nami niitetee La Dea, yaani Atalanta, kidogo. Fainali ya Ligi ya Europa, Dublin 2024, tuliifunga Leverkusen 3-0, Lookman akafunga zote tatu, ndilo kombe letu la kwanza la Ulaya. Hapa mtoto akizaliwa mjini klabu inampa jezi. Ila Dada amesema kweli kuhusu tikiti. Kama huna mwenyeji wa kukusaidia, wikiendi itaisha uko nje unazunguka.

DadaWaBrescia
Saa ya mechi inaweza kuhamishwa, kwa hiyo usikate treni ya kurudi kabla haijathibitishwa. Genoa wakipangiwa saa 2:45 usiku, mpira unaisha karibu saa 5 na treni za kurudi Milan ni chache mno, bora ulale huko. Wakicheza saa 9 alasiri, unaenda na kurudi bila presha.

MwananchiWaMbagala
Nimeelewa, Genoa. Mzee, nikate Gradinata Nord moja kwa moja? Na jezi yangu ya Yanga inaruhusiwa?

BahariaMstaafu
Kwa mara ya kwanza kata Distinti, jukwaa la ubavuni. Utaiona Nord yote na utakaa. Ukiwa ndani ya Nord unasimama mwanzo mwisho, namba ya kiti haifuatwi, na ukiwaelekezea simu kuwarekodi hawapendi.

Kijani na njano haina neno. Usivae tu bluu yenye mistari myeupe, myekundu na myeusi kifuani, hiyo ni Sampdoria.

Mtoto_wa_Likoni
Sawa, ila Jumamosi panda M5 ukauone San Siro hata kwa nje.