Gari: nilipe taslimu yote au nichukue mkopo?

Msukani
Wakuu, hela ya gari ninayo yote, ila nikiitoa akaunti inabaki tupu. Muuzaji ananipa mkopo wa miezi 36 kwa riba ya 12% kwa mwaka, malipo ya awali 20%. Kipi kina nafuu?

Daftari
Mkuu, kwanza uliza hiyo 12% inapigwa kwenye nini. Ikipigwa kwenye kiasi chote ulichokopa mwanzoni, hadi mwezi wa mwisho, kila 1,000,000 unayokopa inazaa riba ya 360,000, na rejesho ni kama 37,778 kwa mwezi. Ikipigwa kwenye salio linalopungua, yaani deni lililobaki kila mwezi, rejesho ni 33,214 tu na riba yote haifiki 196,000. Asilimia ni ileile! Hiyo ya kwanza, ukiipima kwa salio linalopungua, ni karibu 21% kwa mwaka. Dai jedwali la marejesho la mwezi kwa mwezi, uangalie safu ya riba. Ukikuta 10,000 mwezi wa kwanza na 10,000 mwezi wa mwisho kwa kila milioni, umeshajua unachouziwa.

Gia ya Nne
Na usimwambie muuzaji utalipaje kabla hamjafunga bei. Wengi hupata kamisheni kwa mkopeshaji, kwa hiyo ukitaja taslimu mapema anaweza kukaza bei. Wakikuambia "riba sifuri", uliza bei ya mwenye taslimu ni ngapi. Punguzo unalolikosa ndiyo riba yenyewe. Jumlisha pia ada ya mkopo, bima kubwa (ile inayofidia hata gari lako mwenyewe) kwa muda wote wa deni, na kifaa cha kufuatilia gari kama wanakilazimisha.

Mama Breki
Hesabu za Daftari ziko sawa, lakini mimi singeshauri mtu akombe akiba yote. Gari likishafika nyumbani bado linataka bima, usajili, matairi, sevisi. Ukiishiwa ukakopa mkopo wa dharura, riba yake huwa kali kuliko ya gari. Tenga matumizi ya miezi mitatu hadi sita, kinachobaki kilipe chote kama malipo ya awali, halafu kopa pengo kwa miezi 12 au 18. Malipo ya awali yakiwa madogo na muda mrefu, thamani ya gari hushuka haraka kuliko deni. Likipata ajali likafa kabisa, bima kwa kawaida hulipa thamani ya soko ya siku hiyo, na deni linalozidi ni lako.

Msukani
Nikikopa kisha nikalipa lote mapema?

Daftari
Soma kifungu cha kumaliza deni kabla ya muda. Mikataba mingine inatoza faini, mingine inakudai riba yote ya miezi 36 hata ukimaliza mwezi wa 10, hapo kuwahi hakukusaidii kitu. Ukimaliza, chukua barua ya kufunga deni na uhakikishe jina la mkopeshaji limefutwa kwenye kadi ya gari, la sivyo utakwama siku ya kuliuza.