Mtoto kaniuliza kama kweli Yona alimezwa na samaki. Nimjibu nini?

Mwalimu wa Jumapili:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nafundisha watoto kanisani. Juzi tumesoma Yona, mtoto mmoja ambaye baba yake ni mvuvi akauliza: "Mwalimu, humo tumboni alipumuaje siku tatu?" Nikamwambia kwa Mungu yote yanawezekana. Akanyamaza, ila hakuridhika, na mimi usingizi umenipaa. Nikisema ni hadithi, kesho ataniuliza kama na ufufuo ni hadithi. Nikiapa kwamba ilitokea hivyohivyo, nitakuwa naapa kwa jambo ambalo mwenyewe linanisumbua. Naombeni ushauri.

Mzee wa Kanisa:
Binti yangu, usilegee. Bwana Yesu mwenyewe alimtaja Yona, Mathayo 12:40. Na 2 Wafalme 14:25 inamtaja Yona mwana wa Amitai, nabii wa Gath-heferi, enzi za Yeroboamu. Magofu ya Ninawi, mji aliotumwa kuuhubiria, yapo hadi leo Mosul, Iraki. Aliyeumba bahari atashindwa na samaki?

Katekista:
Shikamoo mzee wangu. Kushindwa hashindwi. Mimi najiuliza mwandishi alikusudia tumsome vipi. Ng'ombe na kondoo wa Ninawi wanafungishwa saumu na kuvikwa magunia (3:7-8). Mji mzima unatubu kwa mahubiri ya sentensi moja. Halafu kitabu kinakatikia kwenye swali la Mungu ambalo Yona hakulijibu. Huo ni mtindo wa mafundisho. Sasa fungua Luka 1: anasema amejitafutia habari kwa usahihi, kutoka kwa walioyaona kwa macho. Na Paulo, 1 Wakorintho 15, anataja waliomwona Mfufuka, wengi wao wakiwa bado hai alipoandika. Dada, hapo ndipo ufufuo unaposimama, haumtegemei samaki. Kwetu Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1965 ulifundisha kwamba msomaji achunguze aina ya maandishi.

Mama Kwaya:
Mimi naongeza nabii Nathani, 2 Samweli 12. Alimsimulia mfalme Daudi habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Daudi akadhani ni kesi ya kweli, akawaka hasira, akahukumu kifo. Nathani akamwambia: "Wewe ndiwe mtu huyo." Yule kondoo hakuwahi kuwepo, lakini Uria, ambaye Daudi alimchukulia mke na kumwulisha, alikuwa amekufa kweli, na Daudi akatubu palepale. Tangu nilipoliona hilo, siogopi tena neno hadithi.

Mzee wa Kanisa:
Marahaba katekista. Nathani nakubali, ila Yona ana jina, ana baba, ana kijiji. Yule tajiri hana hata jina. Hapo sihami.

Mwalimu wa Jumapili:
Asanteni sana, na baba yangu hoja yako ya kijiji nimeishika. Jumapili nitamwambia mtoto swali lake ni zuri na Wakristo wanaompenda Yesu wanalijibu tofauti. Kisha tutasoma sura ya 4, maana juzi tuliishia kwa samaki, hatukufika hata pale Yona anapokasirika kwa sababu maadui zake wamesamehewa.