Kakangu anarudi kutoka Somalia na mimi hii vita nimeipinga tangu zamani. Mimi ni mnafiki?

mtoto_wa_Likoni:
Habarini wote. Kakangu ni askari wa KDF, jeshi letu la Kenya, hii ni mara yake ya pili Somalia na mwezi ujao anarudi likizo inshallah. Nyumbani wanapanga dua na chakula, mbuzi wawili, majirani wote waitwe, na kuna mtu ameshaleta wazo la kuchapisha tisheti zenye picha yake na bendera. Sasa shida ni mimi. Kwenye grupu la familia la WhatsApp wiki iliyopita niliandika kwamba tulipoingia 2011 tuliambiwa ni kufukuza watekaji nyara waliokuwa wanachukua watalii Lamu, ni mambo ya muda mfupi, na leo watoto waliozaliwa mwaka ule wamefika umri wa sekondari na bado tuko kule, kwa hivyo jeshi lirudi nyumbani. Wee! Baba mdogo akanijia juu, ati natukana damu yangu, ati kakangu yuko msituni na mimi niko Likoni nakula muhogo nikimpinga. Wengine wakanyamaza, na kakangu mwenyewe alisoma (niliona alama zile za bluu) hakujibu kitu.

Naomba mnijibu kwa ukweli. Mtu anaweza kumtakia askari heri zote, amchangie, amuombee, na papo hapo aseme vita anayopigana si sawa? Ama nikisema jeshi lirudi ni kama namwambia alichofanya miaka yote hii ni bure?

Mstaafu_Bila_Cheo:
Kijana, mimi nilivaa hiyo sare na nilikuwa kwenye ile safari ya kwanza kabisa Oktoba 2011, mvua ilinyesha mpaka magari yakazama kwenye tope njia ya kwenda Afmadow na sisi tunasukuma, wananchi huku kwenye runinga wanaonyeshwa ramani na mishale kama Kismayo tunafika kesho. Tulifika Kismayo mwisho wa Septemba 2012, karibu mwaka mzima. Nakueleza hivi ujue kwamba maswali unayouliza wewe tulijiuliza hata sisi, usiku, kwenye handaki. Askari ana kiapo, anaenda anakotumwa, lakini kiapo hakikutoa akili kichwani.

Kitu kilichotuuma si wapinzani wa vita. Ilikuwa El Adde, kambi yetu kule Somalia. Tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab waliivamia alfajiri, vijana wengi wakaisha pale, na mpaka leo hii serikali haijatoa idadi rasmi ya waliokufa. Rais wa Somalia ndiye alisema kwenye televisheni kwamba ni kama 180 au karibu 200, CNN wakachunguza wakasema 141, wetu wakakataa hizo namba zote na wao hawakutoa yao. Ibada ilifanywa Eldoret pale Moi Barracks, Uhuru alikuwepo, Buhari wa Nigeria alikuja, hotuba nzuri nzuri. Ila idadi hakuna. Na kuna mwandishi alikamatwa kwa kuposti habari za El Adde, wakisema anawavunjia heshima askari. Sasa niambie nani alituvunjia heshima pale, anayeuliza tulikufa wangapi au anayekataa kutuhesabu?

Kwa hivyo wewe si mnafiki. Baba yako mdogo anampenda mtoto wake na anaogopa, msamehe. Lakini usikubali akwambie kunyamaza ndio kumuunga mkono askari.

Jicho_la_Kodi:
Naheshimu mzee hapo juu lakini siwezi kukubaliana na hii biashara ya kukaa katikati. Tusidanganyane, KDF si jeshi la kulazimishwa, hakuna mtu alikuja kushika kakako kwa nguvu. Kila siku ya usajili vijana wanajipanga uwanjani, wanakimbia pekupeku, wanafunguliwa midomo kuhesabiwa meno, na sote tunajua kuna wazazi wameuza ng'ombe kutoa hongo mtoto aandikwe. Akishaingia anatafuta kwenda Somalia manake kule kuna posho. Ilikuwa dola 1,028 kwa mwezi kutoka Umoja wa Ulaya, serikali inakata yake kama 200 hivi, na hata baada ya wazungu kupunguza asilimia 20 mwaka 2016 bado zilikuwa pesa nyingi kushinda mshahara wa mwalimu. Si vibaya, kazi ni kazi. Lakini kama unaamini ile vita ni mbaya basi anayeifanya kwa hiari anafanya kitu kibaya, sema hivyo. Kama huwezi kusema, basi kubali vita ina maana.

Mimi naamini ina maana. Westgate, lile jumba la maduka Nairobi, Al-Shabaab waliua watu 67. Garissa University 148, watoto wa watu waliamshwa usingizini. Mnataka turudi halafu hao jamaa wakae wapi, Mandera ama Kiunga, huku ndani ya Kenya?

bint_Garissa:
Jicho, Westgate ilikuwa 2013 na Garissa 2015, yani BAADA ya kuingia. Sisemi ndio sababu pekee, Al-Shabaab walikuwa wauaji kabla na wako hivyo leo, lakini usipange miaka kinyume ili hoja yako ikae vizuri.

Mimi ni Msomali wa Kenya, nimezaliwa Garissa nikakulia Eastleigh. Nitasema kitu mtoto_wa_Likoni hajaulizwa na mtu yeyote hapa. Hiyo sentensi ya "tuunge mkono wanajeshi wetu" huwa inafika kwetu ikiwa imebeba kitu kingine nyuma. Aprili 2014 polisi waliingia Eastleigh nyumba kwa nyumba, maelfu ya watu wakabebwa wakafungiwa uwanja wa Kasarani, wenye vitambulisho na wasio navyo, na ukiuliza unaambiwa nchi iko vitani, uko upande gani? Vita ya kule ikawa vita ya hapa. Na huku waziri wa ulinzi aliyepeleka jeshi Somalia 2011 alikuwa marehemu Yusuf Haji, Msomali wetu wa Garissa, na kuna vijana wetu wengi tu ndani ya hiyo KDF. Mmoja ni mpwa wangu. Akiwa kazini kule mama yake hali mpaka asikie sauti yake. Huyo mama huyo huyo ana dada yake upande wa Gedo, kule Somalia, ambaye ndege zikipita juu anaingiza watoto chini ya mti. Mwambie achague mmoja, uone.

Kwa hivyo mtoto_wa_Likoni, kwangu mimi jibu ni ndiyo, lakini tisheti ya bendera usivae. Muombee kakako kama kakako.

Jicho_la_Kodi:
Sawa miaka umenishika. Lakini hujajibu wakae wapi.

bint_Garissa:
Hao walioingia bila hiyo mpango ndio wajibu, mimi sikuulizwa. Hata bunge halikuulizwa kwanza! Katiba ibara ya 132 inasema rais anatangaza vita kwa idhini ya bunge. Wao hawakutangaza vita, walisema ni kujilinda kwa ibara ya 51 ya mkataba wa Umoja wa Mataifa, jeshi likavuka mpaka, sisi tukasikia kwenye habari.

Kibarua_wa_Tanga:
Naomba kuchangia kidogo kutoka huku jirani, msinifukuze. Desemba 2017 askari wa JWTZ, jeshi letu la Tanzania, waliokuwa MONUSCO, ule ujumbe wa Umoja wa Mataifa, walishambuliwa kule Semuliki, Beni, Kongo. Idadi ya waliokufa tuliijua mapema sana, Umoja wa Mataifa ulitangaza, miili ikaja Dar ikaagwa hadharani na watu wakalia na familia zao. Na pia watu waliuliza, vijana wetu wanafanya nini kule, wamepewa silaha gani, helikopta ilichelewa kwa nini? Sikumbuki mtu kuitwa msaliti kwa swali hilo, ingawa sisemi kwetu kila swali linaruhusiwa, mnajua wenyewe.

Halafu mkitaka mfano hasa wa jambo hili tazameni Afrika Kusini Januari 2025, waasi wa M23 walipoichukua Goma, Kongo. Askari wao 14 walikufa, na bungeni kwao pale pale wakasimama watu wakisema warudisheni vijana, mmewatuma bila ndege na bila silaha za kutosha, waziri wa ulinzi abebe mzigo. Hao walikuwa wanawapinga askari? Walikuwa wanawatetea kuliko waliowatuma. Machi SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ikafunga ujumbe wake wa kijeshi kule, ambao Watanzania nao walikuwemo, na sisi huku tukashukuru kimoyomoyo.

Hata Museveni, na mimi si shabiki wake, Buulo Mareer, kambi ya askari wake kule Somalia, ilipovamiwa Mei 2023 alitoka akasema wamekufa 54. Alisema na makamanda waliokimbia watashtakiwa. Namba imetoka, mjadala ukaendelea.

mtoto_wa_Likoni:
Asanteni sana, nimesoma zote. Jicho umenichoma kwenye ile ya hiari, manake ni kweli kakangu aliomba mwenyewe kwenda mara ya pili, nyumba anayojenga Diani Road imefika kwenye linta na bila ile posho ingebaki msingi. Sasa nikifikiria hivyo nashindwa, mimi napinga kitu ambacho kimepaua choo cha mamangu. Lakini pia ndio maana napinga, kwa nini kijana wa Likoni apate bati tu akienda kupigwa bomu barabarani? Mstaafu, ile ya kuhesabiwa nimeichukua nitamwambia baba mdogo vile vile.

Mke_wa_Afande:
Mmeongea siasa vizuri lakini huyu kijana ana mgeni mwezi ujao, acha nimwambie mambo ya nyumbani. Mume wangu amerudi kutoka kule zaidi ya mara moja. Usimuulize ameua wangapi, na uwaambie majirani mapema wasimuulize, hasa watoto na wale wazee wa kahawa. Fataki na spika kubwa hapana. Asiketishwe mgongo ukiangalia mlango. Akilala mchana mwacheni, na ukitaka kumwamsha simama mlangoni umwite jina, usimguse. Picha zake mkiwa mnazo msiposti, si kwa sababu ya aibu, ni usalama wake na wenu. Akianza kunywa sana ama kukaa kimya siku nyingi hospitali zao zina washauri, na wengi hawaendi kwa kuogopa kuonekana dhaifu, hapo ndio umsukume polepole.

Na kuhusu msimamo wako, usiuanze wewe, lakini akikuuliza usimdanganye. Mume wangu anachukia zaidi watu wanaomwambia shujaa shujaa halafu kwenye foleni ya benki wanampita. Mimi mwenyewe nataka ile vita iishe kuliko wote hapa. Hakuna aliyewahi kuniita msaliti, labda kwa sababu nasema nikiwa nafua hizo sare.

mtoto_wa_Likoni:
Mama nimenakili yote hayo nikampelekea dadangu. Tisheti nimezikataa, baba mdogo amenuna. Mchango wa mbuzi mmoja ni wangu. Na leo asubuhi kakangu ameniandikia pembeni, si kwenye grupu, ameandika tu "nikija tutaongea, wewe na mimi, usimwambie baba mdogo".

Jicho_la_Kodi:
Atakuwa anakuja kukupiga makofi 😂 Mbuzi ni tarehe ngapi?