Kamati inataka kujaza bonde letu kifusi na kuweka kabro (matofali ya saruji ya kutandaza chini) kila mahali. Niwaambie nini?

NjeriWaDagoretti
Hamjambo nyote. Naomba ushauri kabla ya mkutano wa wakazi mwisho wa mwezi.

Tunaishi upande wa Dagoretti, magharibi mwa Nairobi, na tunategemea kisima kirefu kimoja, kwani maji ya mfereji huja kwa zamu. Miaka ya karibuni fundi amelazimika kuteremsha pampu, na kiangazi kikikaza kisima hutoa maji saa chache kisha tunakipumzisha. Mwisho wa uwanja kuna bonde dogo lenye matete. Mvua za Machi hadi Mei zikinyesha, maji hutuama pale kwa muda halafu hupotea. Kamati inataka bonde lijazwe kifusi liwe maegesho, uwanja wote uwekwe kabro, na mvua ielekezwe kwenye mtaro wa barabara. Wanalalamikia mbu na matope, na siwalaumu, nina watoto wadogo.

Lakini moyo wangu unakataa. Maji yale yanayopotea huenda wapi? Yanahusiana na kisima chetu? Halafu mzee mmoja anapendekeza maji ya paa yaelekezwe kwenye kisima chetu cha zamani kilichokauka, ili yarudi chini. Ni sawa?

MpimaMiamba
Dada Njeri, mengine hukaushwa na jua, mengine hunyonywa na matete, na yaliyobaki hushuka polepole kwenye udongo hadi nyufa za miamba. Nairobi imekaa juu ya matabaka ya miamba ya volkano, na kati ya matabaka hayo kuna mchanga na mashapo ya kale yaliyofunikwa na lava. Humo ndimo maji yanamokaa. Matabaka yameinama kuelekea mashariki, kwa hiyo mvua ya Limuru, Kikuyu na Ngong ndiyo inayolisha visima vya mjini. Safari hiyo ni ndefu mno. Maji ya kina kirefu tunayovuta leo yaliingia ardhini kabla mababu zetu hawajazaliwa.

Usiende mkutanoni na ahadi isiyo ya kweli: kuliacha bonde hakutapandisha maji ya kisima chenu mwaka ujao. Maji ya chini Nairobi yameshuka kwa miongo kadhaa kwa sababu visima ni vingi na tunavuta haraka kuliko mvua inavyorudisha. Ila ninyi mko juu, kwenye udongo mwekundu unaopitisha maji. Embakasi, upande wa mashariki, udongo ni mweusi na mzito, ukilowa unajiziba. Tukifunika huku magharibi, mvua itaingilia wapi?

Kumwaga maji ya paa kisimani, hapana kabisa! Udongo ndio chujio. Kisima kinaruka chujio lote na kupeleka kinyesi cha ndege na vumbi hadi kwenye maji mnayokunywa, na mwamba ukichafuka ni vigumu mno kuusafisha. Zungumzeni na Mamlaka ya Rasilimali za Maji kuhusu kukiziba vizuri.

BabaTrevor
Na mbu je? Ni rahisi kutetea matete ukiwa mbali nayo.

MamaWaKikuyu
Baba Trevor, mimi siko mbali nayo, nimezeeka karibu na kinamasi cha Ondiri, ambako Mto Nairobi unaanzia. Mbu wa mjini hupenda mitaro michafu, septiki zisizofunikwa na makopo yanayoshika maji. Anzeni huko kwanza.

Njeri mwanangu, waulize kamati kama wana kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kuna kanuni za mwaka 2009 za kulinda maeneo oevu na kingo za mito, na kujaza kinamasi kifusi si jambo la kamati ya mtaa kuamua peke yake. Tulipoona watu wanataka kugawana msitu wa Karura miaka ya 1998 na 1999, Wangari Maathai na wenzake walisimama mbele ya mageti wakapigwa, na leo msitu upo na mvua inaingia ardhini. Wewe unaombwa kunyoosha mkono mkutanoni tu. Nyoosha.

FundiTangi
Wapelekee hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 150 za mraba likipata milimita 20 jioni moja, hizo ni lita 3,000, na kamati inataka kuzitupa mtaroni! Kila nyumba iweke tangi, kisha maji yanayofurika yaende kwenye shimo la kunyonya lililojazwa kokoto, na mchanga juu yake. Palipo na matope wekeni kabro za matundu, zile zinazoota nyasi katikati. Gari linapita na maji yanazama.

NjeriWaDagoretti
Mungu awabariki. Nitapinga kujaza bonde, na badala yake nitapendekeza matangi, mashimo na kabro za matundu. Shimo tulichimbe wapi?

MpimaMiamba
Mbali na septiki na misingi ya nyumba, upande ambao maji hayatarudi kwa jirani. Kabla ya kutumia pesa, chimbeni kishimo cha futi mbili hivi, kijazeni maji mara kadhaa hadi udongo ulowe, kisha mpime yanashuka kiasi gani kwa saa. Yasiposhuka, hameni sehemu. Na maji ya barabarani yenye mafuta ya magari yasiingie humo, pelekeni ya paa tu.

BabaTrevor
Njeri, mimi niko kwenye kamati kama hiyo mtaani kwetu. Hilo jaribio la kishimo nitalifanya Jumamosi.