Chembechembe za plastiki kwenye kabichi ya kuchachusha: tubadilishe nini kwanza?

KabichiMolo (Nakuru):
Wadau, hamjambo. Kikundi chetu kinachachusha kabichi na karoti kwenye mapipa ya bluu ya lita 200. Chumvi ni asilimia 2.5 ya uzito, na hatuuzi kabla pH (kipimo cha uchachu) haijashuka chini ya 4. Hoteli tunayoiuzia sasa inauliza kuhusu plastiki ndogo ndogo, zile chembe zisizozidi milimita 5. Kabichi inafika ndani ya magunia ya nailoni, inakatwa juu ya ubao mweupe wa plastiki, inagandamizwa kwa mifuko ya plastiki iliyojazwa maji, na pipa linasuguliwa kwa waya wa sufuria. Hatuna pesa ya kubadilisha mapipa yote kwa mpigo. Tuanzie wapi? Na je, ni kweli asidi ndiyo inayokula pipa?

Fundi_Chachu (Kisumu):
Asidi si mkosaji mkuu. Pipa lenye alama ya 2 chini yake (plastiki ngumu iitwayo HDPE) linavumilia vizuri chumvi na asidi ya maziwa, ile inayotokana na kuchachusha. Kinachobandua chembe ni msuguano, jua na joto, na kwa maelezo yako mna msuguano kila hatua.

Waya wa sufuria uondoke leo. Kila mkwaruzo unaacha ukingo uliochanika, na ukingo huo ndio unaomeguka pipa likijazwa tena. Zile sponji za kijani nazo ni plastiki zenyewe, kwa hiyo msihamie huko. Tumieni dodoki au brashi ya katani, maji ya vuguvugu na sabuni. Uchafu ukigoma, loweka usiku kucha badala ya kuongeza nguvu. Maji yanayochemka yasiingie ndani ya pipa.

Kisha yakagueni mapipa moja moja. Futa ukuta wa ndani kwa kitambaa cheusi cha pamba, kikavu. Kikitoka na unga mweupe kama wa chaki, plastiki imechoka na pipa hilo halifai tena kuwekwa chakula. Mara nyingi ni yale yaliyoanikwa juani, kwa hiyo yanayobaki yakae kivulini hata yakiwa matupu. Pipa lililowahi kubeba kemikali lisiingie kwenye kazi hii hata likioshwa vipi.

Ubao wa plastiki ni wa pili. Kisu kinaukwangua kila kinaposhuka. Wekeni ubao wa mti mgumu au meza ya stenlesi, na mkate vipande vya milimita 2 hadi 3. Mifuko ya maji nayo itoke: ikipasuka, plastiki inaingia na maji yanapunguza chumvi. Tumieni sahani nzito ya kioo, au mawe ya mtoni yaliyochemshwa. Jiwe lijaribiwe kwanza kwa ndimu. Likitoa povu ni la chokaa, kama yale ya Koru, na asidi italiyeyusha huku pH ikikataa kushuka.

Magunia: kabichi iletwe kwenye vikapu au magunia ya katani. Ikishindikana, tupeni majani mawili matatu ya nje *kabla* ya kuingia chumba cha kukatia, si ndani yake, kisha osheni kwa maji mara tatu. Anayechachusha sagaa au managu aongeze umakini. Majani ya sagaa yana vinyweleo vinavyonata, na nyuzi za gunia hushika humo.

OsukuruLab (Busia):
Fundi amesema vizuri, ila chumvi imesahaulika. Chumvi ya bahari huja na chembe zake, na ukiinyunyiza kavu huna njia ya kuzitoa. Igeuzeni kwanza iwe maji mazito ya chumvi.

Chemsha maji kwenye sufuria ya stenlesi, uyeyushe gramu 350 za chumvi kwa kila lita. Acha yapoe na yatulie usiku kucha, yamefunikwa. Kwenye maji mazito hivyo, plastiki za polietilini, polipropilini na hata nailoni huelea. PET (plastiki ya chupa za maji) na PVC (ya mabomba) huzama pamoja na mchanga. Kwa hiyo engua juu, chota katikati, na robo ya chini imwage. Ulichochota kipitishe kwenye karatasi ya kuchujia kahawa. Itachukua muda, msiiharakishe kwa kuikamua.

Kwa kilo 10 za kabichi pima kilo 1.06 za maji hayo kwenye mizani. Mle mna takriban gramu 275 za chumvi, na mchanganyiko wote unakuwa asilimia 2.5. Msipime kwa kikombe, kwa sababu lita moja ya maji haya ina uzito wa karibu kilo 1.2. Changanya tabaka kwa tabaka. Pale chumvi inaporundikana, chachu ya rangi ya waridi huota, na pale inapokosekana kabichi inalainika na kuoza.

Kitambaa cha kufunikia nacho kikaguliwe. Vuta uzi mmoja uuchome: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kuganda kama shanga ngumu.

KabichiMolo (Nakuru):
Asanteni sana. Maswali mawili. Tukinunua mapipa ya stenlesi, yoyote yanafaa? Na tutajuaje kama tumepunguza kweli?

Fundi_Chachu (Kisumu):
Ulizeni namba. Gredi ya 304 ikikaa na chumvi na asidi pamoja hutoboka vitundu vidogo, hasa penye kulehemu na kwenye mstari maji yanapoishia. Takeni 316. La sivyo, mitungi ya kioo ya lita 20 au vyungu vya kauri vilivyopakwa gilasi (ule mpako unaong'aa) isiyo na madini ya risasi.

OsukuruLab (Busia):
Kupima: siku ya kazi weka karatasi ya kuchujia iliyoloweshwa, ndani ya sahani ya kioo wazi, mezani pale mnapokatia, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hicho ndicho kipimo cha hewa. Kisha pitisha maji safi yaliyochujwa kwenye hatua zote *bila kabichi*, uyachuje. Linganisha karatasi hizo chini ya hadubini ya kukuza mara 40. Uzi unaoushuku uguse kwa sindano iliyopashwa moto: plastiki hujikunja au kuyeyuka. Mkishajua hatua inayotoa nyingi, pesa ziende hapo.

Mara nyingi karatasi ya hewa ndiyo inayoshtua, imejaa nyuzi za sweta na fulana. Vaeni makoti ya pamba, pigeni deki kwa maji badala ya kufagia, na pipa lifunikwe muda wote.

Mkipeleka kabichi yenyewe maabara, waulizeni kama wanayeyusha mboga kwanza kwa potasiamu hidroksidi ya asilimia 10. Rangi ya Nile Red, inayopakwa ili plastiki ionekane chini ya hadubini, ikitumiwa peke yake hushika pia nta ya majani, na mtapewa hesabu ya kabichi badala ya plastiki. Na kwenye lebo msiandike "haina plastiki". Mwonyesheni mnunuzi hatua mlizobadilisha na karatasi zenu za kabla na baada.

Fundi_Chachu (Kisumu):
Nyongeza moja: kifuniko cha kuzungusha husaga plastiki kwenye mifereji yake ya kukazia kila kinapofunguliwa. Wekeni vali ya kutolea hewa ili msikifungue mara kwa mara, na kabla ya kufungua futeni ukingo kwa kitambaa chenye maji.